Mawazo Yalipoisha, Tension Ikabaki

Ninyi mnaokaa siku hizi kwenye kile kiti cha katikati, daktari upande huu na mgonjwa upande ule, mimi nilikikalia kiti hicho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimekiacha kwa sababu ya masikio. Nilipoanza kumwomba daktari arudie, kisha nikamwomba na mgonjwa arudie, nikajua siku zangu zimekwisha. Mkalimani asiyesikia ni mzigo kwa wote wawili.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Neema. Nilizaliwa Kivu ya Kusini, upande wa Fizi. Kifaransa nilikipata shuleni kwa masista, Kirundi kwa majirani, Kiingereza nilikiokota hapa Uganda nikiwa mtu mzima. Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wakimbizi wenzangu, hapa kambi ya Nakivale na kule hospitali ya Mbarara walikopelekwa wagonjwa walioshindikana hapa. Mkiniuliza ni ugonjwa gani ulinipa taabu kuliko yote kuutafsiri, mnadhani nitataja kansa au kifafa. Hapana. Ni huu ambao sisi Wakongo tunauita tension na wenyeji wanauita presha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anaklet, Mrundi, katekista, mtu mpole mwenye koti moja alilolivaa jua na mvua. Hakuwa na darasa. Alinifundisha tukiwa kwenye benchi, tukingoja wagonjwa waitwe. "Kula kabla hujaingia," aliniambia, "maana tumbo lako likinguruma, mgonjwa atadhani ni lake na ataona haya." Akaniambia nikae nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili yeye na daktari watazamane wenyewe. Nisiseme "anasema kwamba". Niseme kama anavyosema mwenyewe. Mgonjwa akilia, nisimnyamazishe, ningoje. Na mwishoni nimwombe aseme kwa maneno yake alichoelewa, kwa sababu kutikisa kichwa si kuelewa. Watu wetu hutikisa kichwa kwa heshima tu, hata wakiambiwa jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Na usitie chumvi," alisema Mzee Anaklet. "Neno likiwa chungu, lipeleke hivyo hivyo. Usipoelewa, sema sikuelewa. Si aibu."

Neno lenyewe la ugonjwa lilitusumbua tangu mwanzo. Kuna fundi baiskeli mmoja aliyeambiwa kwamba presha yake iko juu. Alisikiliza vizuri sana, akakuna kidevu, kisha akaniuliza, "Sasa, Mama, kama presha iko mingi, batafungulia fasi gani juu upepo utoke?" Alitaka kujua watafungulia mahali gani, wala hakuwa anatania. Nilimeza kicheko changu nikampelekea daktari swali kama lilivyo. Daktari akafikiri, akasema mfano wa tairi si mbaya. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, siku nenda siku rudi, mpaka mishipa inachoka, na moyo na figo na ubongo navyo vinachoka. Ila hapa hakuna pa kufungulia. Inashushwa polepole, kwa dawa na kwa namna mtu anavyoishi.

Mzee mwingine aliapa kwamba ameacha chumvi kabisa, lakini kipimo kilikataa kushuka. Tukamuuliza nyumbani wanapika vipi. Akasema mke wake anatia zile kubu za supu, vile vidonge vya kukolezea mchuzi, "juu mboga ipate ladha." Hakujua kwamba kubu ni chumvi iliyovaa karatasi. Tangu hapo niliwaomba madaktari wasiishie kwenye "punguza chumvi." Tutaje kwa majina: chumvi ya mezani, kubu, samaki wa chumvi, supu ya paketi. Neno kubwa mtu huliacha pale pale kliniki. Jina la kitu kilicho jikoni kwake anarudi nalo.

Hayo ni ya kucheka. Sasa niwaambie habari za Mama Elia.

Alikuwa jirani yangu pale New Congo, mtaa wetu wa kambini, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, muuza makayabo katika soko la Base Camp. Makayabo ni samaki waliokaushwa kwa chumvi nyingi, na Mkongo akiwakosa muda mrefu huwaota. Kwetu Fizi alikuwa mkulima. Alipanda mlima asubuhi na kikapu mgongoni, akashuka jioni na muhogo. Huku alipewa kipande kidogo cha shamba, akakikodisha kwa watu, yeye akawa wa kukaa kwenye kiti nyuma ya samaki wake mpaka jua linazama. Kwenda ni kwa bodaboda, kurudi ni kwa bodaboda. Mwili uliozoea mlima sasa haukupewa hata tambarare.

Elia alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku ya kukimbia vita, watu walitawanyika. Mama alishika njia ya ziwani, mtoto akachukuliwa na wimbi la watu wengine, naye alikuwa bado wa shule ya msingi. Miaka ikapita bila habari. Na ninyi mnajua desturi yetu, mama huitwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo kila aliyemsalimia alimtajia aliyepotea. Habari ya asubuhi, Mama Elia. Samaki hawa bei gani, Mama Elia. Alikuwa akiitika vizuri, lakini mimi niliyekaa naye karibu niliona uso wake unavyokwenda mbali kabla ya kurudi.

Walimpima hapa kambini, kipimo kikawatisha, wakamtuma Mbarara. Nilimsindikiza. Tulimkuta Daktari Atuhaire, dada wa Kinyankole kutoka Bwizibwera, kijana bado, mwenye Kiswahili kidogo alichojifunza kwa askari.

"Mama, wewe naumwa wapi?" akamuuliza.

"Siumwe fasi yoyote, Docteur. Banasema tu niko na tension."

Basi hapo nilijifunza jambo la kwanza kuhusu ugonjwa huu: hauumi. Mtu anaweza kuimba, kuuza, kucheka, na huku ndani unamla. Anayengoja kichwa kimuume ndipo akapime, huenda akangoja mpaka aanguke.

Kuanzia hapo daktari alisema Kiingereza, nami nikatafsiri. Aliuliza kama kuna mtu wa ukoo wake aliyekuwa na presha. Mama Elia akasema hapana. Kisha akakumbuka. "Mama yangu mwenyewe alianguka ku shamba. Mudomo ukapinda, mukono ukakufa. Lakini ile ilikuwa bulozi ya jirani." Daktari hakubishana na ulozi. Aliandika tu. Akauliza kuhusu chakula, pombe, usingizi, kutembea. Majibu mnaweza kuyakisia. Samaki wa chumvi kila siku, maana ndiyo bidhaa aliyokuwa nayo. Pombe ya ndizi Jumamosi, na Jumapili jioni pia. Usingizi hakuna. Kutembea hakuna.

Alipomaliza kujibu, Mama Elia akaegemea mbele, akamtazama daktari usoni. "Docteur, mimi nitakuambia kweli. Hii tension ni ya mutoto wangu. Ni mawazo. Siku nitamuona Elia, itaisha."

Nilipeleka neno hilo kama lilivyo. Daktari Atuhaire akasema, nami nikatafsiri bila kupunguza: "Simkatalii mama. Mawazo mengi na kukosa usingizi yanaweza kuisukuma juu. Lakini si mawazo peke yake. Kuna damu ya mama yake aliyoirithi, kuna umri, kuna uzito, kuna chumvi, kuna pombe, kuna kukaa kutwa. Mawazo yakiondoka leo, hayo mengine yatabaki. Kwa hiyo dawa ni ya kila siku, hata akijisikia mzima."

Nikamwomba aseme alichoelewa. Alisema vizuri: dawa kila siku, kupunguza chumvi, kutembea, kupunguza pombe. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mawazo."

Vijana wangu, msidhani kubadilisha maisha ni jambo la siku moja, hasa kwa mtu ambaye chakula chake ndicho kilichobaki cha nyumbani kwao. Tulianza na makayabo. Alikataa kuyaacha, nikamwelewa. Basi akawa anayaloweka usiku kucha, anamwaga maji, analoweka tena, anachemsha na kumwaga tena, na hata hivyo si kila siku. Siku nyingine ni samaki mbichi wa ziwa letu hapa Nakivale, kwa ndimu na kitunguu saumu. Sombe, yaani kisamvu, alianza kuipika bila kubu. Mara ya kwanza alinikaribisha tukala kimya, ladha ya majani matupu, mpaka akasema, "Mama Neema, leo tumekula sawa mbuzi." Tukacheka tukashindwa kumaliza. Lakini baada ya wiki chache ulimi ulizoea. Aligundua kwamba nyanya nyingi, kitunguu, tangawizi na ndimu vinaweza kuibeba mboga, na mafuta ya mawese akayapima kwa kijiko badala ya kuyamimina.

Shamba akalirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo alipopona zaidi, nadhani. Asubuhi na mapema tulikuwa tunatoka pamoja kwa miguu, jembe begani, yeye akihema mwanzoni na kuniomba tusimame kila mahali. Baadaye mimi ndiye niliyekuwa naomba tusimame. Nguo zake zikawa kubwa. Bodaboda wa pale njiani akamlalamikia kwamba amemnyima kazi. Na kila tulipokwenda Mbarara, kipimo kilikuwa kimeshuka kidogo. Daktari Atuhaire alifurahi akasema Kiswahili chake: "Mama, wewe nafanya muzuri sana. Hapana acha dawa."

"Siachi," alijibu Mama Elia.

Halafu Elia akapatikana.

Mchungaji mmoja aliyetoka Burundi alikuja kusalimia kanisa letu. Katika mazungumzo akataja seremala kijana, Mkongo wa Fizi, aliyelelewa na familia moja kando ya Tanganyika, aliyekuwa akiuliza kila mtu habari za mama yake. Jina Elia. Wakapiga simu. Mama yule alishika simu kwa mikono miwili, akamuuliza jina la babu yake, jina la mbwa wao, na wimbo aliokuwa akimwimbia. Kijana alijibu yote. Wimbo aliuimba. Mama Elia akakaa chini kwenye udongo.

Tulikwenda kumpokea Mbarara, kituo cha mabasi. Aliyeshuka alikuwa mwanaume mrefu mwenye ndevu. Mama Elia alimtazama, akatazama nyuma yake, kama kwamba bado anamtafuta mtoto mdogo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akamgusa masikio, kwanza moja, kisha la pili, jinsi unavyomkagua mtoto aliyetoka kuoga.

Wiki zile kijiji chote kilikula kwake. Mbuzi alichinjwa. Makayabo yalipikwa kama tunavyoyapenda, hayakulowekwa sana, maana mtoto amekuja na lazima aonje chakula cha kwao. Pombe ilikuwepo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema neno. Lakini sherehe ziliisha na ule upishi haukuisha. Shambani akaacha kwenda, Elia alimwambia, "Mama, umelima mingi, pumuzika." Alisema hivyo kwa upendo. Na siku moja nilipomkumbusha tarehe ya kwenda Mbarara, akacheka.

"Kufanya nini? Dawa nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Tangu mutoto afike. Sasa niko na mawazo gani tena? Ninalala mpaka asubuhi. Docteur mwenyewe alisema ni mawazo."

"Alisema si mawazo peke yake. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekutafsiria."

"Najua ulitafsiri," alisema, akanishika mkono. "Lakini dada yangu, wewe uliniona vile nilikuwa. Na uniangalie leo. Mutu mwenye furaha hivi anaweza kuwa mugonjwa?"

Nilimwambia ugonjwa huu hauulizi kama mtu ana furaha. Nilimtaja mama yake aliyeanguka shambani. Nilimwita Elia, naye akambembeleza. Alitukubalia ili tunyamaze. Nilirudi kwake tena na tena, mpaka akawa akiniona naja anabadilisha mazungumzo. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kwa yule mama, kuendelea kumeza dawa kulikuwa kama kusema kwamba Elia hajarudi vya kutosha. Alitaka kurudi kwa mtoto kuwe kumemponya. Hakuna Kiingereza wala Kifaransa cha kumtoa mtu hapo.

Alianguka asubuhi, akianika nguo kwenye kamba. Elia alisikia beseni likianguka. Nilipofika, mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelegea. Tulimpakia kwenye gari la jirani mpaka Rwekubo, kutoka hapo tukapata taksi iliyokubali kushusha abiria wake na kutupeleka Mbarara moja kwa moja. Watu walishuka bila kunung'unika. Njia nzima Elia alimshika kichwa mapajani.

Alikaa hospitali siku kadhaa. Sauti ile ya kwaya ilikuwa imebaki mlio tu. Alikuwa anatutambua. Alikuwa anataka kusema jambo, hilo lilionekana wazi, alimtazama mwanawe na kurudia mlio ule ule, akikazana mpaka machozi yanamtoka.

Elia akanigeukia. "Mama Neema, anasema nini?"

Niliinama, nikaweka sikio karibu na mdomo wake. Nikasikiliza kama nisivyopata kumsikiliza mtu.

"Wewe ni mkalimani," Elia alisema. "Wewe unajua maneno ya batu bote. Niambie anasema nini."

Ningeweza kumwambia. Ningesema, mama anasema anakupenda; mama anasema usilie. Nani angenipinga? Pengine ndilo alilokuwa analisema. Lakini sikulisikia. Na kijana yule alikuwa amekaa miaka yote bila neno la mama yake. Sikuweza kumpa neno langu nikaliita la mama.

"Sikuelewa, mwanangu," nikamwambia. "Anakuita, hilo naliona. Mengine sikuelewa."

Akaweka kichwa juu ya kitanda, akalia kama mtoto. Mama yake akampapasa nywele kwa mkono ule mzima. Alifariki siku iliyofuata, mchana, Elia akiwa ametoka kununua uji.

Tulimzika hapa Nakivale. Baada ya matanga, Daktari Atuhaire, ambaye alikuwa amekuja kumwona wodini na kulia pamoja nasi, alinipigia simu. Alisema Elia apimwe. Bibi yake alianguka, mama yake naye akaanguka; isingefaa kungoja. Elia hakutaka. "Mimi ni kijana," alisema, "na siumwe kitu." Nikamwambia mama yake alisema neno hilo hilo siku ya kwanza. Akaja.

Presha yake ilikuwa juu. Si sana, lakini juu. Nilimtafsiria mwenyewe. Daktari alimwambia kwamba kwa hatua ile aanze na maisha: chumvi aipunguze sasa, sigara aliyokuwa akiivuta kwa kujificha aiache, pombe aipunguze, ale mboga na matunda, atembee, alale, na arudi kupimwa bila kukosa, na ikikataa kushuka, atapewa dawa, na asizikimbie. Elia alisikiliza akitazama sakafu. Nilipomwomba aseme alichoelewa, alisema, "Nimeelewa kwamba haitaniambia kama inakuja."

Sijapata kusikia mgonjwa aliyeelewa vizuri zaidi. Ilikuwa pia mojawapo ya siku zangu za mwisho kazini.

Elia hakurudi Burundi. Alipata kazi kwa fundi mmoja pale Isingiro, kutengeneza milango na vitanda, na kati ya Wanyankole akajifunza lugha yao haraka kuliko nilivyoweza mimi kwa miaka yote. Juzijuzi ilikuwa tarehe yake ya kupimwa, nikamsindikiza Mbarara kwa mazoea. Muuguzi alipoita jina, niliinuka. Elia akanigusa bega. "Bakia, Mama. Nitasema naye mwenyewe."

Nikabaki kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona daktari akimfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, nikaona midomo yao ikienda, wakisema Kinyankole, wakitazamana. Sikusikia kitu. Hata kama masikio yangu yangekuwa mazima, maneno yale hayakuwa yakinihitaji.

Alipotoka alikaa karibu nami, akakunjua mkono wa shati taratibu.

"Imeshuka," akasema.

Nikamshika mkono. Tukakaa hapo muda mrefu, watu wakiitwa na kuingia, sisi tukilia.